Komeo la Uani

Hawa, mke mwenzangu,

Salamu nimeziweka mwishoni. Ukifika huko utazichukua, na kama hutazitaka utaziacha palepale, sitakulaumu.

Naandika hapa barazani baada ya alasiri. Umekwenda Manzese kuwaaga wenzako wa chuo, na ukirudi karatasi hizi utazikuta juu ya begi lako. Usicheke mwandiko. Shule mie niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilisoma nusu, nusu nyingine nilikuwa nabeba mtoto wa dada yangu mgongoni. Herufi zimelala, lakini zinasomeka. Na usimpelekee jirani yetu Mama Neema mkaisome pamoja kwa sauti, kama mlivyozoea kufanya na barua za mama yako kutoka Kilwa. Hii soma mwenyewe, umekaa.

Habari za kula, kulala na kuvaa siandiki. Una miaka ishirini na mitatu na cheti cha uuguzi kimepigwa muhuri. Kama mpaka leo hujui kwamba Sumbawanga ulikopangiwa kazi kuna baridi, au kwamba mwanamume anayekusifia kabla hajakujua jina ana jambo lake, basi nimelea kopo. Nimeona umekunja sweta moja tu. Shauri yako.

Nataka kuzungumza nawe habari za mbwa.

Wiki tatu zilizopita ulinikalisha kwenye kigoda pale uani, ukaniuliza, "Bibi, nikiondoka Tomi nani atamwogesha?"

"Atajiogesha," nikakwambia.

"Bibi."

"Mama Neema si yupo?"

"Mama Neema mgongo mbovu. Nakuomba wewe."

Wewe unanijua. Tomi ana miaka tisa humu ndani, kidevu kimeshaota mvi, na mie sijawahi kumgusa hata mkia. Chakula namsukumia kwa mti. Akinisogelea namwambia pita kule, anapita. Hata hivyo ukaleta lile beseni la bluu ukaanza kunionyesha, mie nimekaa nakutazama kama mkwe. Maji yawe ya uvuguvugu, uyajaribu kwa kiwiko. Pamba kidogo masikioni yasiingie maji. Sabuni ya kipande uifikiche mkononi kwanza, usimpake usoni. Kitana ukipeleke kinyume cha manyoya, taratibu, ukitafuta kupe nyuma ya masikio na katikati ya vidole, na kila unayemtoa umtie kwenye kifuniko chenye mafuta ya taa. Kucha ukate ncha tu, maana ndani kuna damu. Ukamaliza, ukamfuta na kanga yangu ya zambarau, ile uliyoniapia kwamba imeibwa kwenye kamba. Kanga ile nilikuwa naiona siku nyingi.

Ndipo ukasema, "Nikimwacha kwako, Bibi, sina wasiwasi."

Ukaenda kutia komeo mlango wa uani. Ukarudi ukakaa. Haikupita dakika ukainuka, ukaenda kulishika tena. Ukarudi. Tukaanza kuzungumza habari za basi, na katikati ya maneno macho yako yakakimbilia mlangoni, ukainuka mara ya tatu.

Miaka kumi na mitano nakutazama ukifanya hivyo. Wenzako wa chuo walikuja hapa wakakutania, wakasema Hawa akifunga mlango lazima auage. Umeshawahi kushuka kwenye gari kituo cha Veta ukarudi kwa miguu kuangalia komeo, ukachelewa mtihani. Nikakugombeza siku ile, nikakwambia una wazimu. Wazimu ule nilikupa mie.

Nimeinuka nimekwenda kunywa maji. Nimerudi.

Hawa, hukuacha komeo wazi. Siku ile ulikuwa na miaka minane, na ulitia komeo vizuri. Nilikwenda kulitazama mwenyewe ulipotoka kwenda shule, nikalikuta limeingia mpaka mwisho. Popi, mbwa wako wa kwanza, hakutoroka. Popi nilimuua mie, kwa dawa, kwa kutokutaka kuambiwa.

Sasa nakueleza ilivyokuwa. Usiruke mistari.

Ulipoletwa kwangu ulikuwa na miaka sita. Mama yako alikuwa ameolewa mara ya pili, na yule bwana wa Kilwa alisema mtoto atafuata baadaye. Hiyo baadaye mpaka leo haijafika, na mie sikuwahi kumuuliza. Miezi mitatu ya kwanza ulikuwa unasema ndiyo na hapana, basi. Nikikuuliza umeshiba, ndiyo. Unataka kucheza, hapana. Nilidhani una ugonjwa wa kichwa. Kumbe ulikuwa unasubiri.

Baba Neema, Mungu amrehemu, alikuwa na benchi lake la useremala pale barabarani, na mbwa wa kulinda mbao alizaa chini ya rundo la mninga. Siku moja nakuona unaingia uani umekumbatia kitu ndani ya gauni. Nikatoka na mwiko mkononi.

"Baba Neema," nikamwita, "mbwa nyumba ya Muislamu?"

"Atakaa nje, Bi Mwanne. Na mwizi wa Keko haulizi dini."

Nikawa najitayarisha kumjibu jibu la kumkaa. Wewe ukaniwahi. Ukasema, "Bibi, anaitwa Popi, ana kaka zake wanne, na huyu ndiye aliyekuwa analia peke yake."

Maneno mengi hivyo kwa mara moja. Nikarudisha mwiko jikoni.

Nikaweka masharti. Mbwa mwisho wake uani. Chombo chake ni chake. Akilamba chombo chetu, kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa na wazee wetu na kama mlivyofundishwa chuo cha Kurani. Mkono ukilowa kwake, vilevile. Ukawa unanihesabia kwa sauti, ya kwanza, ya pili, unafurahi kama unacheza rede. Hesabu yako ya mwanzo kabisa ulijifunza kwenye bomba lile kwa ajili ya Popi.

Miaka miwili ikapita. Popi akashikwa na kupe, halafu upele, manyoya yakaanza kutoka mgongoni. Wewe ulikuwa unawatoa kwa vidole mmojammoja ukitoka shule, hawaishi. Siku ya maulidi nikamsikia mwanamke mmoja, ambaye pilau lake halijawahi kuiva, anasema kwa Bi Mwanne siku hizi kupe wanatembea barazani. Wenzake wakacheka ndani ya kanga. Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini kwa hasira.

Kesho yake ulipokwenda shule, nikaenda Tandika kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji alikuwa kijana mdogo, mpole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nipe dawa ya kupe."

"Ya ng'ombe au ya mbwa?"

"Kupe ni kupe. Nipe ile kali."

Akatoa kichupa chenye picha ya ng'ombe. "Kali ni hii. Ila kama ni mbwa, bibi, inataka vipimo. Kifuniko kimoja kwenye ndoo nzima ya maji, halafu ana vidonda? Maana kama ana vidonda..."

"Kijana," nikamkatiza, "mie nimezaa saba na wote nimewaogesha kwa mikono hii. Wewe ndiye utanifundisha kuogesha?"

"Sikufundishi, bibi. Ni vipimo tu."

"Funga, naenda zangu."

Watu dukani walinitazama, nikaona fahari. Akachukua kalamu akaandika kitu ubavuni mwa chupa, akaifunga kwenye gazeti, akanipa kwa mikono miwili. Maandishi mengine yote yalikuwa ya Kizungu, madogo kama sisimizi. Cha pekee nilichokitambua kwenye chupa ile ni ng'ombe.

Nikamfunga Popi kwenye nguzo ya banda la kuku. Sikutaka kumgusa, nikafunga tambara kwenye mti wa fagio. Dawa nikamimina kwenye kopo kwa jicho, karibu theluthi ya chupa, maji nikatia kidogo, nikisema moyoni maji mengi yataipoteza nguvu. Nikampaka mwili mzima kwa lile tambara, nikakazia palepale penye vidonda. Alilia. Nikamwambia vumilia. Alipojikung'uta maji yakanirukia mikononi na kwenye dera, basi akili yangu yote ikahamia kwenye najisi. Nikamwacha juani dawa ikaukie, nikaenda bombani.

Nilianza na udongo. Halafu maji ya pili, ya tatu. Mama Neema akachungulia juu ya ukuta.

"Bi Mwanne, mbwa wako anatoa povu."

"Ni sabuni."

"Sabuni ya mdomoni?"

"Nipo ya nne, Mama Neema. Ngoja nimalize."

Hakungoja. Alizunguka mbio kwa mlango wa mbele, akapita barazani kwangu na viatu vyake, akachukua ndoo akaanza kummwagia Popi maji. Nilimwona Popi miguu inamcheza. Nilimwona ameanguka ubavu, anatetemeka, mate yanamtoka, na macho yake yananitazama mie, si Mama Neema aliyekuwa anamsaidia. Nikasimama na mikono yangu juu, nikamalizia ya tano, ya sita, ya saba. Sikuacha hesabu, Hawa. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo ninapotawadha. Mnyama anakufa hatua sita kutoka kwangu, na mie nahesabu.

Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshakwisha.

Tulimzika wawili, Mama Neema na mie, nyuma ya banda la kuku, ukutani. Tulimtia kwenye kiroba. Mama Neema alishika jembe muda mrefu kuliko mie. Akaniambia, "Mtoto akirudi mwambie ukweli. Mwambie ulikosea." Nikamjibu, "Mtoto ni wangu, nitajua mie la kumwambia."

Ndipo nikaiokota ile chupa nipate kuitupa, ikageuka, nikaona alichoandika yule kijana. Kwa Kiswahili, herufi kubwa, moja mbali na mwenzake, kama anamwandikia mtoto: KIFUNIKO 1, NDOO 1 YA MAJI. VIDONDANI USIPAKE. Ningeweza kuyasoma maneno yale hata kwenye darasa la pili. Kwa hiyo usije ukaniombea radhi mbele ya watu huko kwamba bibi yako hakusoma. Nilisoma vya kutosha. Sikugeuza chupa tu.

Ulirudi saa nane, daftari kwapani. Nilikuwa nakuna nazi.

"Bibi, Popi yuko wapi?"

Nilikuwa na nafasi yote ya duniani. Nikaendelea kukuna. Halafu nikasema, "Asubuhi ulitia komeo?"

"Nilitia."

"Ulitia, au unadhani ulitia?"

Ukanitazama. Nikaona unarudi asubuhi kichwani mwako, unautafuta mkono wako kwenye komeo, huuoni. Ukasema polepole, "Sijui."

"Basi ndiyo hivyo," nikasema.

Hakuna neno hata moja la uongo nililotamka pale. Nilijisifu kwa hilo siku nyingi, kwamba mie sikusema uongo, niliuliza tu. Na uongo mkubwa kuliko ule sijausema maishani mwangu.

Ulimtafuta wiki tatu. Ulikuwa unatia ugali kwenye mfuko wa nailoni, unapita kwa maseremala wote mpaka chini kule, unainama chini ya kila kitanda na kila kabati lililopangwa barabarani, unaita Popi, Popi. Maseremala wakakuzoea, wakawa wanakusaidia kuita. Mie nakusikia nikiwa jikoni. Siku ya mwisho ulirudi na ugali umechacha, ukapiga magoti mbele yangu, hakuna aliyekuambia upige magoti, ukasema, "Bibi, nisamehe. Nimempoteza mbwa wetu."

Nikakwambia, "Umesamehewa."

Nimeandika neno hilo nikalitazama. Kati ya yote niliyofanya, hilo ndilo sijui nitalijibuje siku ya kuulizwa.

Tangu hapo ukaanza mambo yako ya komeo. Baba Neema alikuletea watoto wa mbwa mara mbili, ukakataa. Ulimwambia, "Nitamwachia mlango huyu naye." Mtoto wa miaka tisa. Mama Neema alinitazama juu ya kichwa chako, na mie nikatazama kuku. Mpaka ulipofika miaka kumi na minne ndipo ukamkubali Tomi, na siku ya kwanza ulilala ukiwa umefunga kamba yake kwenye kifundo chako cha mguu. Ulidhani sijui.

Halafu ukamchagulia mahali pa kumwogeshea. Katika uwanja wote ule ukachagua nyuma ya banda la kuku, ukutani, kwa sababu pana kivuli na pako sawa. Jumamosi ya kwanza nilikupigia kelele mpaka ukatupa beseni. Nikasema maji ya mbwa yataingia kwa kuku. Hukunisikiliza, wewe ni mbishi kama babu yako. Miaka tisa kila Jumamosi unamwogesha mmoja juu ya mwenzake, unamwimbia, na mie nakaa na mgongo umeelekea ukuta nachambua mchele ambao hauna mchanga.

Nilikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani mara moja. Nikamwambia kuna mama mmoja namfahamu, alifanya hivi na hivi. Yule mwalimu alisikiliza, akaniambia mwambie huyo mama sheria ya kujitwaharisha haikumkimbiza mtu. Mkono ungengoja. Anayekufa ndiye asiyengoja. Nikasema nitamwambia. Akasema, "Na huyo mtoto, mama huyo ameshamwambia?" Nikasema sijui habari zao. Nikaondoka. Nilikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, namdanganya mwalimu.

Kwa nini sikukwambia miaka yote? Mwanzoni niliogopa utaacha tena kusema. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Ukweli wenyewe ni kwamba ulikuwa unanitazama kama mtu anayejua kila kitu, na kwenye maisha yangu hapakuwa na mwingine aliyenitazama hivyo. Mume wangu aliniona mkali. Watoto wangu wananiogopa. Wewe peke yako ulikuwa ukikwama unasema ngoja nimuulize Bibi. Nikaona nikilisema hili, macho yale yatakwisha. Basi nikakuachia mzigo wangu uubebe ili nibaki na macho yale. Nimekula ujana wako wote kwa komeo.

Mahubiri mie siwezi, na wewe huyapendi. Ila unakwenda kukaa kwenye zahanati, utakuwa unawapimia watu dawa. Atakuja bibi mmoja kama mie, amejifunga kanga mbili, shingo juu. Utaanza kumweleza vipimo, atakukatiza, atakwambia amezaa saba. Usinyamaze ukamfungia. Yule kijana wa Tandika alikuwa mtoto mwenye adabu, na adabu yake ilimzuia kunishika mkono. Wewe mshike. Akutukane, mshike. Mwambie arudie maneno yako kwa mdomo wake kabla hajatoka mlangoni. Atakuchukia mpaka jioni tu.

Sasa la Tomi.

Jumamosi iliyopita ulipokwenda kununua begi, nilimwita. Hakuamini, alitazama nyuma yake kama naita mwingine. Nikaweka maji, nikayajaribu kwa kiwiko. Nikakaa pale nyuma ya banda, kwenye kivuli, kwa makusudi. Nikamshika. Sikutumia mti, nilimshika kwa mikono. Hawa, sikujua mbwa ana joto namna ile. Nilimsikia moyo unapiga chini ya kiganja, haraka haraka, alikuwa ananiogopa. Nikamwambia tulia, mie mwenyewe nakuogopa. Nikampitisha kitana kama ulivyonionyesha, nikampata kupe mmoja nyuma ya sikio lile lililokatika ncha, mnene kama punje ya kunde, akanipa kazi kumtoa. Tomi hakulia. Aliniwekea kidevu kwenye goti. Nililia mie, na kwa kuwa mikono yangu yote ilikuwa na sabuni, machozi yalijimalizia yenyewe.

Nilimsuuza mara tatu, nikamfuta kwa kanga ya zambarau, nikahakikisha amekaa kivulini na anapumua vizuri. Baada ya hapo ndipo nikaenda bombani, nikahesabu saba zangu bila haraka. Zilikuwa zimeningoja.

Mama Neema alichungulia juu ya ukuta akaniona. Nami nimeshamwambia kwamba leo nakuandikia. Alisema, "Umechelewa, Bi Mwanne, lakini andika." Yuko tayari kumchukua Tomi, mgongo mbovu na vyote. Kwa hiyo una hiari. Kesho asubuhi kabla hujatoka, kama unaona mie si wa kuachiwa mnyama wako, chukua mnyororo, umpeleke kwa Mama Neema. Usinigongee kuniaga. Sitakasirika, na nikikasirika itakuwa haki yako kuniona nimekasirika. Kama unamwacha, utundike mnyororo kwenye msumari wake karibu na mlango wangu. Nitakapotoka kwenda kutawadha nitauona, nitajua.

Usiamue kwa kunihurumia. Huruma nimeshakula yako nyingi kwa njia ya wizi.

Dawa ya kupe sitanunua. Nikihitaji, nitampeleka kwa daktari wa mifugo mwenyewe, na nitasikiliza mpaka amalize, nimwombe arudie. Kucha zake bado sijathubutu kukata, naogopa ile damu ya ndani. Zangu nimekata. Nimezikata zote asubuhi, mpaka kwenye nyama, wewe ukaniuliza naumwa vidole gani. Siumwi. Tomi alikuwa ametoka na mkwaruzo mmoja tumboni ile Jumamosi, na ni ukucha wangu uliomkwaruza.

Salamu zako ni hizi. Amani iwe juu yako, mtoto uliyekuja kwangu husemi. Nimekulea kwa mdomo mkali, na sehemu iliyokuwa inahitaji unyamaziwe nilisema, na iliyokuwa inahitaji uambiwe nilinyamaza. Nakuomba radhi, na wewe usinijibu haraka kama nilivyokujibu mie. Kaa nayo. Hata mwaka.

Na kesho ukitoka, iwe umemwacha mbwa au umempeleka, usirudi kulitazama komeo la uani. Nitalitia mie.

Bibi yako,
Mwanne